Mzee Polikarpo Amsaka Mchafua Choo

Kama kuna mtu Ifakara aliyezaliwa na adabu tangu tumboni, ni Mzee Polikarpo, msimamizi wa mashine ya kukoboa mpunga iliyo kando ya barabara ya kwenda Mlimba. Shati lake jeupe halina kunyanzi. Akikutana na mama mwenye mzigo kichwani atashuka kwenye baiskeli, atamuulizia watoto, wajukuu, na yule mbuzi aliyekuwa anaharisha mwezi uliopita, huku mama wa watu shingo inamuuma. Akipiga chafya huwaomba radhi waliopo na, nadhani, hata wasiokuwepo. Kanisani ndiye anayebaki nyuma kupanga mabenchi. Msibani ndiye anayezunguka akinong'ona watu wazime simu. Kijana akipita mbele yake bila kusalimia, Mzee Polikarpo humrudisha alikotoka, apite upya, asalimie, ndipo aendelee na safari yake akiwa binadamu.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuwa akituchafulia choo.

Nakwambia mapema kusudi usihangaike kubahatisha, maana sisi wenyewe hatukuhangaika. Pale mashineni tulijua wote, kuanzia makuli wanaobeba magunia hadi wanawake wanaopepeta chenga. Aliyekuwa hajui ni mmoja tu, na bahati yetu mbaya huyo mmoja ndiye aliyeongoza msako.

Choo chenyewe kilikuwa kimoja. Tajiri mwenye mashine alijenga vyumba viwili, cha wanaume na cha wanawake, akaonekana mtu wa maendeleo, kisha kimoja kikageuzwa stoo ya viroba vitupu. Kwa hiyo msimu wa mavuno wakulima kutoka Mbingu na Kiberege, makuli, wapepetaji, sisi walanguzi wa mchele na waendesha bodaboda waliokuja kupiga soga, wote tuliutegemea mlango ule mmoja wa bati. Ndani mlikuwa na sinki la kuchuchumaa, pipa la maji na kopo la plastiki lililofungwa mpini wa waya. Kila asubuhi Merina, mmoja wa wapepetaji, alilipwa kidogo aoshe. Alisugua mpaka sakafu ikarudia rangi ya saruji, akajaza pipa, akalaza kopo juu ya mfuniko, akaacha mlango wazi kidogo pakauke. Kwa muda mfupi sana kila asubuhi, Ifakara ilikuwa na choo ambacho ungeweza kumwonyesha mgeni.

Kisha Mzee Polikarpo alikuwa akimaliza chai yake.

Aliingia na kofia yake ya kijivu, na simu. Tuliokuwa kwenye foleni nje tulisikiliza mazungumzo marefu juu ya michango ya jumuiya, nani katoa na nani kaahidi, yakifuatiwa na wimbo wa Pasaka, beti zote. Mtu mmoja wa Mbingu, aliyekuwa na tumbo la kuendesha, aliwahi kupiga hodi. Sauti ya upole ikamjibu kutoka ndani, "Subira, mwanangu. Subira ni tunda la Roho." Yule mwanangu hakuweza kusubiri tunda likomae. Alikimbilia kwenye migomba.

Hatimaye Mzee alitoka, akijifuta mikono kwa leso nyeupe, akainamisha kichwa kwa foleni nzima. "Samahanini sana kwa kuwachelewesha, ndugu zangu. Karibuni."

Na sisi tukakaribia. Niliyoyakuta humo siku niliyokuwa wa kwanza kwenye foleni sitayaeleza yote, huenda unakula. Niseme tu kwamba kazi yote ya Mzee ilikuwa palepale ilipofanyikia, haijaonja tone la maji. Kopo lilikuwa limetupwa pembeni, mdomo chini. Sabuni ya kipande ilikuwa inaogelea ndani ya pipa. Karatasi zilikuwa zimetapakaa kana kwamba kuna mtu amefungua barua nyingi kwa hasira. Na juu ya sakafu, nyayo za viatu vya tope, safi kabisa kwa kuzisoma, zikielekea mlangoni bila kugeuka.

Utauliza, mtu mzima na akili zake anawezaje? Jibu liko nyumbani kwake, na jina lake ni Leticia, Mama Venance. Tangu walipooana, Mzee akitoka chooni, Mama Venance aliingia na ndoo. Kabla ya Mama Venance alikuwapo mama yake mzazi, na dada zake. Mzee Polikarpo hakuwahi kutumia choo cha nyumbani mara mbili na kukikuta alivyokiacha. Kwa hiyo akilini mwake choo kilikuwa kama anga: mawingu hutanda, kisha lenyewe hutakata.

Utauliza tena, mbona hamkumwambia? Wewe ungeanzaje? Lugha yetu ina salamu za kila saa na kila umri, lakini haina sentensi inayoanza na shikamoo na kuishia na ungemwagia maji. Sylvanus, kuli mwenye mabega mapana kama kabati, ndiye aliyejaribu. Alimfuata Mzee penye mizani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Mama anaendeleaje na miguu?"

"Anaendelea vizuri. Mzee, nilikuwa nataka kusema, kule chooni..."

"Najua!" Mzee akamshika bega, uso umemkunjamana kwa uchungu. "Nimeona jana mchana. Nimechukia kuliko wewe. Asante kwa ujasiri wa kusema. Tutamkamata."

Maana ndivyo ilivyokuwa. Siku hiyo ya jana Merina alikuwa amebanwa na mchele wa watu, hakupita kusafisha tena, na sisi wengine tulikuwa tumezoea kuvuka barabara kwenda migombani. Mzee alipoingia mara ya pili, mchana, alikutana ana kwa ana na kazi yake ya asubuhi. Akatoka ameziba pua, akiuliza dunia inakwenda wapi.

Sylvanus akarudi kwetu amenywea. Tukamuuliza, vipi, umemwambia? Akasema, "Amenishukuru."

Kesho yake mashine ilizimwa, tukakusanywa chini ya paa la bati. Mzee akavua kofia. Akasema kuwa choo cha watu wengi ni kipimo cha utu wa watu hao. Akasema anayeingia leo amfikirie atakayeingia baada yake, kwa maana atakayeingia baada yake anaweza kuwa mama mjamzito, anaweza kuwa mzee, anaweza kuwa mgonjwa. Maneno mazuri, kweli kabisa, ningeyarudia kwa watoto wangu. Wanawake walitazama miguu yao. Makuli walitazama bati. Nami nilijikuta natingisha kichwa kwa hisia, kama mtu asiyejua lolote, na nadhani nilitingisha vizuri kuliko wote.

Akaleta rangi nyekundu, akaandika ubaoni kwa mkono wake mwenyewe: TUSIWE KAMA WANYAMA. ACHA CHOO KAMA ULIVYOKIKUTA. Akaupigilia ubao mlangoni, akawa wa kwanza kuupita kwenda ndani.

Aliyefuata alikuwa Sylvanus. Aliingia, akatoka upesi. "Mzee, naomba ufafanuzi," alisema, uso mkavu. "Nimekikuta kama wanyama. Nikiache hivyohivyo?"

Mzee akaguna kwa masikitiko. Huyu mtu ana kasi, akasema. Yaani ameingia hata rangi haijakauka.

Basi msako ukaanza. Watuhumiwa wa kwanza walikuwa wakulima wa mbali. Mzee alieleza, kwa upole na bila kumtaja mtu, kwamba wapo ndugu zetu ambao bado hawajazoea sinki. Watu wa Mbingu wakaelekezwa kwenye migomba rasmi. Wakati huo huo mvua za mwisho zikakata barabara, hata mguu mmoja wa Mbingu haukuonekana mashineni wiki nzima. Choo kikabaki vilevile. Mtu mwingine angesita hapo. Mzee yeye alishukuru kuwa duara linazidi kufinyika.

Likafuata duara la makuli. Walipigwa marufuku, wakaenda kuombaomba kwenye gesti ya jirani, ambako mama mwenye gesti aliwatazama kama watu waliotoroka mahali. Siku hizo ndipo Sylvanus alipojifunza kutokunywa maji asubuhi. Choo? Vilevile.

Wakabaki wanawake. Hapo ndipo kicheko chetu kilipoanza kutukwama kooni, maana Mzee alimwita Merina mbele ya wateja.

"Merina, binti yangu," alisema kwa sauti ileile ya upole, "wewe ndiye unayelipwa kuosha. Nataka unieleze bila woga. Unaosha kweli?"

Merina alikuwa ameshika ungo. Akauweka chini. "Naosha, mzee."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Sasa uchafu huu unatoka wapi? Au kuna mtu analipwa na anapenda kazi isiishe?"

Nilimwona Merina akifungua mdomo. Nilimwona pia akitutazama, mmoja mmoja, sisi tuliojua. Kuna aliyegeukia gunia lake na kukaza kamba iliyokuwa imekazwa. Mimi niliingiza mkono kwenye mchele nikachunguza punje, kazi muhimu sana. Merina akafunga mdomo. Akaingia nyuma ya lundo la pumba, na tulisikia analia. Mwanamke huyo gunia zima liliwahi kumwangukia mguuni, akasonya tu na kuendelea kupepeta.

Kesho yake alikuja kazini, akapepeta, lakini brashi hakuigusa. Mzee akasema afadhali, sasa tutajua. Na kweli tulijua, hasa upepo ulipovuma kutoka upande ule.

Ndipo binti yao Evelina, aliyeolewa Mlimba, akajifungua, na Mama Venance akapanda treni kwenda kumlea mzazi. Aliacha dagaa waliokaangwa, unga, kuni zilizopasuliwa, na maelekezo ya kila kitu isipokuwa kimoja, kwa kuwa hata yeye nadhani alishasahau kuwa ni kazi.

Siku ya kwanza Mzee hakuona kitu cha ajabu. Siku ya pili alishtuka. Choo chake, cha nyumbani kwake, chenye mlango wa mbao na pazia! Kopo pembeni. Sabuni kwenye ndoo. Na mengine. Alisimama pale mlangoni, akaelewa jambo moja la kutisha: yule mtu wa mashineni amemfuata nyumbani.

"Ana kisasi," alimwambia mjumbe wa mtaa, Mzee Nazari, aliyemwita mchana huohuo. "Ameona namkaribia, sasa ananifanyia vita."

Mzee Nazari ni mtu wa sala tano na maneno machache. Alichungulia ndani, akarudi nyuma hatua kadhaa, akavuta pumzi kwenye mkono wa kanzu yake. "Umegombana na nani?"

"Mimi? Na mtu?"

"Ni kweli, swali baya. Nani anaingia humu?"

"Hakuna. Mama Venance yuko Mlimba. Niko peke yangu."

Nazari akamtazama. Akatazama choo. Akamtazama tena, kwa muda mrefu kidogo. Unaona, na yeye alishafika. Lakini na yeye ni Mtanzania mwenye malezi, na mwenzake ni mtu wa makamo yake, mwenye shati jeupe. "Weka kufuli," akashauri, "na ufunguo ukae nao wewe mwenyewe." Kama huo haukuwa ushauri wa adabu, sijui adabu ni nini.

Kufuli likawekwa. Ufunguo ukaingia mfuko wa shati, karibu na rozari. Na bado.

Hapo Mzee Polikarpo akapauka. Bondeni kwetu, jambo likikosa maelezo huwa halikai bila maelezo kwa muda mrefu. Alimfuata Nazari nyumbani kwake, akamnong'oneza kuwa anayepita kwenye kufuli si mtu wa kawaida. Yeye ni Mkristo, hayaamini mambo hayo, lakini anauliza tu: je, haiwezekani kuwa ametumiwa kitu?

Nazari alikuwa anakunywa uji. Akaushusha. "Mzee mwenzangu, mchawi atoke huko alikotoka, usiku wote huo, apite kwenye kufuli, aje kwako, halafu aingie chooni kujisaidia? Si ndipo mahali pake? Huyo hata mimi ningemkaribisha. Mchawi mbaya ni anayejisaidia sebuleni."

Mzee akaondoka hajaridhika.

Ukweli ulimpata Jumamosi, jua limeshapanda, kwa sababu ya kofia. Alilifungua kufuli, akaingia, akatundika kofia kwenye msumari, akafanya yake na wimbo wake, akatoka, akafunga kufuli. Alishafika kwenye baiskeli alipojipapasa kichwa. Akarudi. Akafungua.

Ile kazi ilikuwa pale. Mbichi. Kopo lilikuwa bado linabingirika taratibu sakafuni.

Haya alinisimulia mwenyewe baadaye, na nayasimulia kama alivyoyasema. Kitu cha kwanza alichofanya ni kutazama nyuma ya mlango. Cha pili, akatazama juu, kwenye mbao za dari. Cha tatu, na hapo sauti yake ilishuka wakati ananiambia, aliziona nyayo sakafuni, akaweka kiatu chake juu ya unyayo mmoja. Ukamtosha vizuri sana.

Alikaa kwenye kigoda cha jikoni muda mrefu kabla ya kupiga simu Mlimba.

"Mama Venance."

"Abee, Baba Venance. Mjukuu hajambo, ananyonya kama ndama. Umekula?"

"Mama Venance, nataka nikuulize kitu, unijibu kweli. Choo chetu, huwa anakisafisha nani?"

Upande wa pili mtoto akalia, akabembelezwa. "Unauliza swali gani hilo?"

"Nani?"

"Nani mwingine yuko hapo, Baba Venance? Malaika Gabrieli?"

"Kila siku?"

"Kila ukitoka."

"Miaka yote hii?"

"Miaka yote hii."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia. Mwaka ule uliponioa. Ukasema una haraka, mnawahi mkutano wa jumuiya kuzungumzia upendo kwa jirani." Akaanza kucheka, akajaribu kujizuia, akashindwa. Mzee aliisikiliza simu yote ile ya kicheko mpaka salio likaisha. Kwa mara ya kwanza hakuomba radhi kwa kukatika kwa simu.

Jumatatu alifika mashineni mapema, akaomba mashine isiwashwe. Hakukuwa na haja ya kuomba, umeme ulikuwa umekatika. Umeme unatoka Kidatu, hapo jirani tu, lakini nao kama ndugu wengi wa karibu huja siku unayotaka wenyewe. Kwa hiyo hapakuwa na ngurumo yoyote ya kumfichia maneno. Akasimama chini ya lile paa la bati, kofia mkononi, macho mekundu.

"Ndugu zangu," alisema, "mkosaji amepatikana."

Makuli wakatazamana.

"Amejuta sana. Ni mtu mzima. Kwa heshima ya umri wake naomba tusimtaje, tumsamehe tu, na tusonge mbele. Marufuku zote nimeziondoa."

Ungedhani tumeambiwa mpunga umepanda bei. Makuli walipiga makofi. Mtu mmoja akasema, "Mungu ni mwema." Sylvanus, ambaye haja yake ya asubuhi ilikuwa bado inamsubiri, alishaanza kuelekea mlangoni. Mambo yangeishia hapo, kwa ustaarabu kabisa, na kila mtu angekwenda nyumbani na uongo wake.

"Mimi sijamsamehe," alisema Merina.

Hakuinua sauti. Alikuwa ameketi, ungo mapajani. "Huyo mtu mzima amenifanya niitwe mvivu na mwizi wa mshahara mbele ya wateja. Mchana kweupe. Kama anajuta, ajute palepale, mbele ya walewale."

Mzee Polikarpo aliizungusha kofia mikononi, akaizungusha tena. Nataka kuwa mkweli hapa: angeweza kuondoka. Alikuwa msimamizi, Merina alikuwa mpepetaji, na sisi wengine tulikuwa tumeonyesha waziwazi kuwa hatuna uti wa mgongo. Lakini alibaki.

"Ni mimi," alisema. "Merina, ni mimi. Nilikuwa siangalii nyuma."

Sasa sikia tulichofanya sisi. Tulishangaa! Tuliguna, tukashika vichwa. "Wewe, mzee? Haiwezekani!" Mwanamke mmoja akasema labda mzee alikuwa anaumwa. Mwendesha bodaboda akasema hata yeye huwa anasahau. Mimi nilisema, nakumbuka vizuri, "Basi tena, hata ubao hukusaidia," kana kwamba ubao ndio uliokosea. Adabu ilikuwa imetukolea hivyo.

"Acheni unafiki," Merina akasema. "Wote tulijua."

Hilo ndilo lililomwumiza Mzee kuliko yote. Aligeuka akatutazama mmoja mmoja kama Merina alivyotutazama siku ile. "Mlijua? Mkaniacha nihubiri? Nipigilie ubao?"

"Ungeambiwa na nani?" Merina akauliza. "Ungemrudisha alikotoka, apite upya, akusalimie kwanza."

Kuna aliyecheka, mmoja, nyuma kabisa. Kisha wawili. Kisha Mzee mwenyewe akatoa sauti fulani, sijui kama ilikuwa kicheko, lakini ilifanana. Akamwendea Merina, akamwomba radhi, kwa maneno machache kuliko kawaida yake. Kisha akamwomba brashi. Merina akampa, bila kusema neno la kumpunguzia aibu, na Mzee akakunja mikono ya shati jeupe akaingia. Tulimsikia humo ndani akisugua. Hakuimba.

Ningependa kukwambia kuwa tangu siku hiyo tuliishi kwa raha. Hatukuishi kwa raha. Hakuna mtu msumbufu kama aliyegundua usafi akiwa na mvi. Wiki ya kwanza Mzee alimwaga maji kwa moyo wote mpaka pipa likakauka kabla ya saa nne, na waliokuja baada yake wakawa hawana hata tone. Merina ilibidi amwambie kwamba kumaliza maji bila kuchota mengine ni uchafu uleule, umevaa shati tu. Akaelewa, akaanza kuchota. Kisha akaanza kutukagua. Ukitoka, unamkuta nje. "Umemwaga? Umegeuka ukatazama? Kopo liko wapi?" Wakulima wa Mbingu, waliporudi barabara ilipopona, waliuliza kama kwenye migomba bado panaruhusiwa. Viroba vilihamishwa kutoka chumba cha pili baada ya yeye kumsumbua tajiri kila asubuhi, kwa heshima zote, mpaka tajiri akachoka. Sasa wanawake wana chao.

Na simu haingii nayo tena. Siku moja, kabla wanawake hawajapata chao, nilikuwa foleni, amebanwa mama mmoja mjamzito mbele yangu, nikamwona Mzee anatoka haraka, hata leso hajakunjua. "Mama, subiri kidogo tu," alisema, "maji yaliyobaki hayakutoshi. Nakuletea." Akakimbia na ndoo, mzee yule, magoti yanalia, akarudi nayo imejaa, akaiweka ndani, akafunga mlango nyuma ya mama, akasogea mbali ili asimfanye mwenzake aone haya. Sikuwa na la kumcheka. Nilitafuta sana.

Mama Venance alirudi kutoka Mlimba mpunga wa mwisho ulipokuwa unakobolewa. Mzee alimpokea stesheni, akambebea kapu, akamwendesha kwenye baiskeli mpaka nyumbani, na hakumwacha hata anywe maji. "Kwanza kaone," alimwambia, akamwelekeza uani.

Mama Venance akaenda. Akakaa huko kidogo. Mzee alisimama mlangoni, mikono nyuma, kifua mbele, akisubiri.

Akatoka, akamtazama mumewe juu mpaka chini. "Pasafi," alisema. "Pasafi kweli. Hongera, Baba Venance." Kisha akageuza uso kuelekea upande wa pili wa ua, ambako mainzi walikuwa wanaingia na kutoka kama wateja. "Na jikoni je?"

Mzee Polikarpo akavua kofia. "Samahani, mke wangu," aliuliza kwa adabu yake yote. "Jikoni kumefanya nini?"